Barua kwa mwanangu: mtoto wanayesema hakui

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara ya kwanza nikasikia kilio tu, nikaurudia ndipo nikalipata swali. Unasema wiki ya 33 nesi alikupima tumbo kwa tepu akapata sentimita 29, ukapelekwa altrasaundi, wakasoma kilo 1.7, na karatasi imeandikwa mtoto ana ukubwa wa wiki 30. Mama mkwe wako anasema huli. Jirani anasema tarehe zimekosewa. Nawe unauliza: "Mama, ni mimi ninayemnyima?"

Si wewe. Mtoto tumboni halishwi na sahani, analishwa na kondo la nyuma. Kondo likidhoofika, hata ukila ugali wa watu watatu hautamfikia. Pipa limejaa lakini bomba limeziba. Kula vizuri kwa ajili ya damu yako na nguvu zako, meza vidonge vyako vya kuongeza damu, na ule udongo wa pemba unaoutafuna kwa siri (ndiyo, najua) uache. Lakini usijilazimishe uji wa usiku wa manane. Kulala kitandani kutwa nako hakumkuzi mtoto, hata akikushauri nani.

Yanayodhoofisha kondo ni mengine: presha, malaria, upungufu mkubwa wa damu, sigara. Malaria ndiyo inayonichukiza zaidi, kwa sababu inaweza kujificha kwenye kondo hata damu ya kidoleni ikaonyesha huna kitu. Ndiyo maana kliniki wanakupa SP, dawa ya kukinga malaria, na kukusimamia uimeze palepale. Angalia kadi yako kama dozi zimeandikwa. Na wakati mwingine sababu haionekani kabisa.

Sasa la tarehe, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana nimeliona wodi ya wazazi mpaka nastaafu. Picha yako ya kwanza ulipiga mimba ikiwa na wiki 10. Umri wa mimba unakadiriwa vizuri zaidi na picha ya mapema kama hiyo, kwa sababu watoto wa wiki 10 karibu wote wanalingana. Wakifika miezi saba, minane, kila mmoja ana umbo lake. Kwa hiyo hayo maneno "wiki 30" hayasemi mimba yako ina wiki 30. Yanasema mtoto wako wa wiki 33 anafanana na wa wiki 30. Mtu akikufutia tarehe ya kujifungua akaisogeza mbele, mtoto anaonekana yuko sawa kwenye karatasi na tatizo limefunikwa. Usikubali. Mwonyeshe ile picha ya kwanza, kwa heshima, lakini mwonyeshe.

Nesi wako alifanya kazi yake. Hupapasa kilele cha mfuko wa uzazi, hushika tepu pale, huishusha mpaka mfupa wa kinena, namba zikiwa zimegeukia chini ili jicho lisiushawishi mkono. Katika wiki zako hizo sentimita hukaribiana na wiki. Upungufu wa 3 au zaidi unatosha kumpeleka mama altrasaundi, nawe ulipungukiwa 4. Altrasaundi nayo haipimi uzito kwa mizani. Inapima kichwa, tumbo na paja, kisha inakisia. Inaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo kilo 1.7 yako huenda ni 1.5, huenda ni 1.9. Ndiyo maana kipimo kimoja hakinitoshi. Rudi baada ya wiki mbili, ikiwezekana kwa mashine ileile. Ukirudi kabla ya hapo, kosa la mashine linaweza kuwa kubwa kuliko ukuaji wenyewe. Na uliza kama wanaweza kupima mwendo wa damu kwenye kamba ya kitovu cha mtoto, kile wanachokiita dopla. Hicho ndicho kinachosaidia kumtofautisha mtoto mdogo kwa maumbile, kama wewe uliyezaliwa kilo 2.6 na sauti ya adhana, na mtoto ambaye kondo limemchoka.

Lakini kuna jambo halisubiri wiki mbili. Unajua mtoto wako anavyocheza: saa zake, nguvu zake. Akipunguza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Ukiwa na shaka tu, lala ubavu wa kushoto, zima simu, umsikilize kwa saa mbili. Asipofika mara 10, ondoka. Yale maneno kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia si kweli, yamezika watoto. Kichwa kikikugonga, macho yakiona ukungu, au ukiumwa chini ya mbavu, usinywe panadoli ukalala. Hiyo inaweza kuwa presha, nenda.

Usijifungulie kwenye zahanati. Tafuta hospitali yenye wodi ya watoto wachanga na inayofanya upasuaji. Ikithibitika kondo ni dhaifu, mara nyingi hawangoji wiki ya 40, huanzisha uchungu karibu na wiki ya 37, na hali ikiwa mbaya hata kabla. Wakisema wanakuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kubali. Akizaliwa mdogo, utambeba kifuani ngozi kwa ngozi, na hilo hata mumeo Salim anaweza kulifanya. Mwambie aanze kuzoea.

Mama mkwe niachie, nitampigia mimi, tunaelewana. Wewe ukishapimwa tena nitumie picha ya karatasi yenyewe, si ya uso wa mtoto. Nataka kuona mzingo wa tumbo la mtoto na tarehe.

Mama yako,
Muheza