Mvua, nauli na dakika tisini: Anko wa Jukwaani anajibu

Wasomaji wangu, masika ikianza simu yangu inajaa meseji za watu waliolowa. Wiki hii nimechagua za waliosafiri kufuata mpira, maana aliyekaa nyumbani anaangalia kwenye tivii akilowa ni bati lake linavuja hilo sio langu.

Shikamoo Anko. Sisi wenzio watano tulitoka Ifakara na Noah saa tisa usiku kuja kuangalia mechi ya ligi Dar. Tumefika mvua inapiga, tumekaa getini mpaka saa kumi kasoro ndio tunaambiwa mechi haipo hadi kesho. Tumelala ndani ya gari. Kwanini wasiseme asubuhi? Na nani hasa anaamua? (Shabiki, Ifakara)

Marahaba mwanangu, poleni sana. Watu watano ndani ya Noah na nguo mbichi, na najua kabisa kuna mmoja alivua soksi.

Anayeamua ni refa. Sheria namba 5 ya soka inampa yeye mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mchezo, kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, anakuwepo pembeni, halafu tarehe mpya ni kazi ya bodi ya ligi. Sasa refa haamui kwa kuangalia mawingu. Mimi niliwahi kusimama karibu na kibendera cha kona nikaona kwa macho yangu, refa kaingia na mpira mkononi, kaurusha juu ya kichwa kauacha uanguke, badala ya kudunda umefanya pwaa ukabaki palepale kama andazi lililodondokea kwenye chai. Kausukuma na mguu kuelekea golini, umeenda hatua tatu ukalala. Kaangalia mstari wa boksi, hauonekani. Karudi vyumbani, baada ya muda katoka tena karudia zoezi lile lile, na sisi jukwaani kila ukidunda kidogo tunashangilia kama goli.

Ndio maana taarifa inachelewa. Asubuhi uwanja unaweza kuwa ziwa na saa tisa likawaka jua maji yakanywewa yote, hasa kama mifereji chini ya nyasi inafanya kazi. Na kinyume chake pia, unaanza safari jua kali unafika mafuriko. Aprili 23, 2024 JKT Tanzania walitakiwa wacheze na Yanga pale uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni, mvua ikashuka uwanja ukajaa maji, ikabidi mechi isogezwe mpaka kesho yake. Mtu wa Tegeta alirudi zake nyumbani akalala, ila aliyetoka mkoani alianza kutafuta gesti huku anahesabu hela ya nauli ya kurudia.

Na wala sio sisi tu. Novemba 28, 2021 kule England, Burnley na Tottenham, theluji imemwagika, wametangaza kuahirisha kama dakika hamsini kabla ya mpira kuanza, na kuna jamaa wawili walikuwa wametoka Dallas huko Marekani, safari ya zaidi ya saa thelathini. Harry Kane, mshambuliaji wa Tottenham wakati ule, akaona habari yao akawaalika mechi nyingine ya nyumbani. Wewe wa Ifakara sijui nani atakualika, mimi ningekuwa na nafasi ningekualika ila nyumba yangu yenyewe ina vyumba viwili.

Hapa lakini siwatetei wahusika. Kama tangu saa sita uwanja umejaa maji na kila mtu anaona, basi toeni hata kimeseji kwamba kuna mashaka, ukaguzi utafanyika saa fulani, anayetoka mbali ajiongeze. Uamuzi wa mwisho uchelewe sawa, ila tahadhari haina sababu ya kuchelewa.

Anko, mimi wa Tanga. Fainali ya Simba na Berkane ya Morocco ilinikuta nimeshapanga kila kitu cha Dar, wakaihamishia Zanzibar. Kweli ile ilikuwa mvua au siasa? Na nikipanda boti kipindi kama kile si natafuta kifo? (Mwekundu, Tanga)

Mwekundu, siasa niachie wenye siasa zao. Ninachojua, mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ilipigwa Mei 25, 2025 pale New Amaan, Zanzibar, sio uwanja wa Mkapa hapa Dar, na kilicholalamikiwa ni hali ya eneo la kuchezea, na Mei ndio mkia wa masika hapa Dar, jumlisha mwenyewe. Simba alikuwa kashafungwa 2-0 kule Morocco, ikaisha 1-1, kombe likaenda. Kwa Mkapa wanaingia watu elfu 60, Amaan kama elfu 15, kwahiyo hata ungevuka salama swali lingekuwa utakaa wapi.

Kuhusu boti, hapa sitanii. Bahari ikichafuka usilazimishe, hata uwe umekata tiketi ya VIP. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa, na kule Kilwa barabara ya kwenda Lindi ikakatika, yaani mtu wa kwenda Ruangwa kuangalia timu ya Namungo hana njia ya maji hana njia ya lami. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa siku tano wenye rangi, njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Watu wanausambaza kwenye magrupu halafu hawausomi. Mimi nikiona rangi ya chungwa upande wa pwani nauli yangu inabaki mfukoni, ya njano naongea na mama watoto kwanza.

Za leo Anko. Mimi nina ugomvi na mwenye banda umiza huku Mwanza. Kombe la Dunia la Vilabu, Chelsea na Benfica, nimelipa buku yangu, dakika ya themanini na sita mpira umesimama eti radi. Tumekaa karibu saa mbili tunaangalia viti vitupu. Ulivyorudi jamaa anataka tulipe tena eti ni mechi mpya. Nani ana haki? (Wa Igoma)

Hahaha, huyo mwenye banda ni mfanyabiashara, ila haki ni yako wewe. Mechi ni ile ile, imeendelea kuanzia ilipoishia. Ilikuwa Juni 28, 2025 kule Charlotte, Reece James wa Chelsea kashafunga, imebaki kidogo tu, refa akatoa watu. Marekani wana utaratibu wao, radi ikipiga karibu na uwanja mnatoka nje, mnasubiri nusu saa, na kila ikipiga nyingine ile nusu saa inaanza upya kuhesabiwa. Ndio ikafika karibu saa mbili. Wakarudi, Di María wa Benfica akasawazisha kwa penati, ukaenda muda wa nyongeza, Chelsea akashinda 4-1. Kwa saa za kwetu mpira ulianza saa tano usiku ukaisha saa tisa na nusu, kwahiyo mwenye banda naye mwonee huruma kidogo, jenereta halinywi maji. Mngemnunulia hata soda.

Kocha wa Chelsea mwenyewe alilalamika sana, na Mamelodi Sundowns wa Afrika Kusini nao, kwenye mashindano hayohayo, walicheleweshwa hivyohivyo Orlando siku waliyomfunga Ulsan 1-0. Watu wakawacheka Wamarekani kwamba wanaogopa mvua. Mimi sicheki. Novemba 2024 huko Peru refa alishasimamisha mechi, wachezaji wanatembea kutoka nje, radi ikapiga palepale ikaua mchezaji mmoja na wengine wakaumia. Na wewe upo Mwanza, kanda ya ziwa nzima mnaijua radi kuliko mimi. Siku ngurumo zikianza uwanjani acha kusimama chini ya ule mwembe nje ya uzio ukisubiri kuingia bure, najua mpo.

Anko nipe ratiba, mimi nafuata timu kila mkoa. Miezi gani nisitoke? (Mwananchi, Kibaha)

Ukisema miezi yote yenye mvua usitoke utakuwa unaangalia mpira Julai tu, na Julai ligi imelala. Ila jua mikoa haifanani. Dar, Pwani, Tanga, Arusha, Mwanza na Bukoba wana misimu miwili, vuli Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei. Mbeya, Songea, Dodoma, Singida, Tabora, Kigoma wao ni mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili. Kwahiyo Mei unapolowa Chamazi, mwenzio wa Sokoine Mbeya anaanza kutafuta sweta tu. Safari ndefu za nyanda za juu zisogeze Mei na Juni, za Bukoba nenda Februari.

Na ukitoka Kibaha kuja kwa Mkapa siku ya mvua, usijaribu kupitia Jangwani, pale maji yakijaa hata mwendokasi inasimama. Shuka Ubungo, kamata za Mandela kupitia Buguruni. Najua kwa Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, kuambiwa asipite Jangwani kwenye klabu yake inauma.

Nikiwa na mwamvuli wananikatalia getini, nifanyeje? (Mama Wawili, Temeke)

Dada, hata mimi nikiwa nyuma yako nitakukatalia, mwamvuli wako ukifunguka sisi wa nyuma tunaangalia maua. Vaa koti la mvua, simu iweke kwenye kile kimfuko cha zipu cha unga wa watoto, na tiketi usiitupe hata ikilowa mpaka wametangaza mechi inarudiwa lini na anaingia nani. Wanao waache kwa bibi.