Simu inafungua, tableti inagoma

SWALI: Tableti yangu ya Android inakataa kufungua baadhi ya tovuti, ilhali simu inazifungua kwa Wi-Fi ileile. Nifanyeje?

JIBU: Mradi simu haitumii VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), ruta huenda haina kosa, na yaelekea kizuizi kimo ndani ya tableti. Anza na DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Fungua Mipangilio, Mtandao na intaneti, kisha DNS ya faragha (Android 9 na kuendelea, kwenye Samsung anzia Miunganisho). Ukikuta family.cloudflare-dns.com, mchawi umempata: huchuja tovuti za ngono na zenye virusi. Andika one.one.one.one au dns.google. Usiandike 1.1.1.1, sehemu hiyo hukubali jina tu, namba huikataa, na hapo ndipo wengi hukwama. Baadaye, ukikutana na Wi-Fi inayodai ujisajili kwanza kwenye ukurasa wake na ukurasa hautokei, rudisha chaguo la otomatiki.

DNS ikiwa sawa, tazama Family Link, programu ya Google ambayo mzazi hutumia kusimamia kifaa cha mtoto. Hapo ufunguo anao mzazi. Kuzima na kuwasha tableti hakusaidii kitu.

Tableti ni ya shule au ya kazini? Mwone msimamizi wake. VPN huko itakuponza.