Jirani amevuka mpaka: nianzie baraza gani?

SWALI: Jirani amechimba msingi wa ukuta na kuingia kiwanjani kwangu kama mita moja na nusu. Kiwanja kimepimwa. Mwenyekiti wa mtaa ametukalisha mara mbili, jirani hasikii. Niende moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pitia kwanza Baraza la Kata. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu za ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na bila hati hiyo Baraza la Wilaya halisikilizi mgogoro wa umiliki. Siku 30 zikipita tangu ufungue lalamiko bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hati. Kwa hiyo nakala ya lalamiko lako igongwe muhuri wenye tarehe siku hiyohiyo unayoliwasilisha. Kikao cha mwenyekiti wa mtaa, hata kikiwa na muhtasari, hakichukui nafasi ya Kata.

Wakati unasubiri, omba mpima wa halmashauri afufue mipaka. Bikoni (nguzo za alama za mipaka) zikishang'olewa, linabaki neno lako dhidi ya la jirani. Ripoti ya mpima ndiyo inayoonyesha msingi umeingia kiasi gani na upande upi.

Maombi ya wilayani yataje namba ya kiwanja, kitalu, mtaa na kata, kisha kile kipande chenyewe kinachogombewa: urefu, upana, upande. Inauma kuona mashauri yenye haki kabisa yanafia hapa. Mtu anaandika "eneo langu lililopo Kihonda", anapewa ushindi, halafu anayekuja kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, hajui abomoe wapi. Shamba lisilopimwa litajiwe mipaka ya pande zote nne: mtu, njia au mto unaopakana nalo.

Kama ukuta unaendelea kupanda, fungua pia maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi hadi shauri liamuliwe, yakiambatana na hati ya kiapo na picha. Baraza litaangalia kama una hoja ya kusikilizwa, kama hasara yako haitafidika kwa fedha, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa.

Usiichomeke halmashauri kwenye shauri hilo eti kwa sababu ilimpa jirani kibali cha ujenzi. Kuishtaki kunadai notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu. Baraza litaliondoa shauri zima, nawe uanze upya huku ukuta ukimalizika.

SWALI: Baba mdogo ameuza shamba la marehemu baba. Mimi ni mtoto wa kwanza. Naweza kumshtaki mnunuzi? – Msomaji, Iringa

JIBU: Kwa jina lako mwenyewe, hapana. Kuwa mrithi hakukupi mamlaka ya kudai mali ya marehemu. Anayeshtaki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kuombea uteuzi, si uteuzi wenyewe. Ukishateuliwa, mshtaki baba mdogo pamoja na mnunuzi, maana hukumu haimbani mtu asiyesikilizwa.

Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na kama baba alikufa akiwa analimiliki shamba, inahesabiwa tangu siku aliyofariki, si siku uliyoteuliwa. Ukishindwa Baraza la Wilaya, rufaa iwe Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu uamuzi. Omba nakala ya hukumu kwa barua siku hiyohiyo inaposomwa, na ubaki na nakala ya barua iliyopokewa.