Tezi Ikikatwa, Msikimbilie Fomalini

Wengi wetu katika maabara za Unguja tuliingia kwenye floo saitometri, mashine inayosoma seli mojamoja kwa alama zilizo juu yake, kwa mlango wa CD4, alama ya seli za kinga ambazo VVU huzishambulia: damu ya anayeishi na VVU inaingia, idadi inatoka. Tezi ya limfu ya shingo iliyovimba, ikishukiwa saratani, haisomwi hivyo, na ushauri wangu wa kwanza ni kwa aliyeko chumba cha upasuaji, si kwa aliyekaa kwenye mashine.

Fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, hufungamanisha protini za seli, na mashine inataka seli nzima zinazoelea mojamoja. Igaweni tezi ikiwa mbichi: kipande kwenye fomalini kwa ajili ya darubini, kipande kwenye maji ya chumvi ya dripu kwa ajili yetu, na kingine kisichoguswa na fomalini cha kutafutia TB, maana nayo hupenda kukaa kwenye tezi. Chetu kifike siku ileile, au kesho yake. Anayetuma kutoka Pemba aijue ratiba ya boti ya Mkoani kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Na tafadhali, mgonjwa asianzishiwe prednisoloni, dawa ya steroidi, kwanza. Huipunguza limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, tukabaki kupima mabaki.

Fomu nayo iandikwe unachoshuku. "Tezi, pimeni" hainisaidii kuchagua kingamwili za kunasa alama za seli.

Kwenye kusoma, usishikilie kiashiria kimoja. CD19 na CD20 zinakwambia hii ni seli B, CD3 ni seli T, aina mbili za seli za kinga. Saratani bado haijatajwa. CD10, ambayo baadhi ya limfoma huibeba, huwashtua vijana wapya, kumbe seli B zinazozaliana ndani ya tezi inayopigana na maambukizi nazo huibeba. Mimi huzitenga hizo seli, nikaangalia kapa na lamda, aina mbili za kipande cha kingamwili ambazo kila seli B hubeba moja tu. Zikichanganyika, mara nyingi ni mwili unajitetea. Karibu zote zikibeba upande mmoja, ni ukoo mmoja uliojaa nyumba nzima, na hapo nashuku limfoma. Seli B za ukoo mmoja zenye CD5 na CD23 hunielekeza kwenye lukemia sugu ya limfosaiti. CD5 bila CD23, nauliza limfoma ya manteli, na saiklini D1, protini inayozidi kwenye limfoma hiyo, itaangaliwa kwenye kile kipande cha fomalini. CD4 kuzidi CD8, alama mbili za seli T, kwenye tezi wala hakunishughulishi.

Jibu safi, lisiloonyesha saratani, ndilo la kuliogopa zaidi. Seli za limfoma ya Hodgkin ni chache mno, na zile kubwa za limfoma kali hufa tunapoisagasaga tezi. Kwa hiyo siandiki kamwe "hakuna saratani". Naandika: seli B za ukoo mmoja hazikuonekana, subirini darubini.