Kabla hujainunua ile nyumba ya Soweto

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea baba yako kwa sauti. Umesema kuna nyumba inauzwa Soweto, hapa Moshi, milioni 65. Dalali amekuhakikishia kwamba ukiweka milioni 15 za ukarabati utaiuza milioni 105 bila jasho, na benki iko tayari kukukopesha 30. Ukamaliza na swali moja: "Mama, ninunue?" Sikukujibu kwenye simu kwa sababu jambo hili linataka karatasi na kalamu. Tena nilitaka nikaione kwa macho yangu.

Nimekwenda Jumamosi asubuhi na yule fundi aliyetujengea banda la kuku. Nyumba ina sura nzuri, sikatai. Mabati ya mbele yamepakwa rangi nyekundu juzijuzi tu. Ya nyuma hawakufika, yana kutu mpaka kwenye misumari. Fundi alipanda darini akagonga kenchi kwa nyundo. Ya tatu ikalia kama debe tupu na unga wa mchwa ukamwagika. Akaendelea, akakuta nyingine nne hivyohivyo. Hapo ujue hubadilishi mabati peke yake, unavua paa zima. Waya za umeme ni za zamani, hazina ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Karo la maji machafu limejaa na maji yanarudi bafuni. Kwenye kona ya dirisha la jikoni kuna ufa unaopanda kama ngazi. Niliingiza sarafu ya mia mbili ikazama. Ufa wa nywele kwenye plasta usikutishe, lakini ule wa ngazi unaanzia chini, na mpaka uchimbe pembeni ya msingi huwezi kujua utakula kiasi gani.

Vizuri navyo vipo. Kuta ni za tofali nene, sakafu haijakaa vibaya, na milango yote ni ya mninga. Ukija kununua, usimruhusu fundi aing'oe ili akuwekee ya kisasa. Ipigwe randa na vanishi, mnunuzi mwenye macho ataiona.

Fundi alinipa makadirio tukiwa tumekaa kwenye jiwe pale nje: paa milioni 9, umeme 3, karo na mabomba 3 na nusu, jiko na vyoo 4, madirisha ya aluminiamu 2 na nusu, plasta na rangi 2. Jumla 24. Juu yake ongeza sehemu moja ya tano ya yale usiyoyaona, kwa sababu nyumba ya zamani haikuonyeshi kila kitu mpaka uibomoe. Inafika kama milioni 29. Dalali alisema 15. Dalali hakupanda darini.

Sasa twende kwenye bei ya kuuzia, maana hapo ndipo watu wengi wanajidanganya. Nimeulizia mtaani. Mitaa miwili kutoka pale kuna nyumba imekwisha kabisa, ina uzio na geti, ina hati, inatajwa milioni 100. Imekaa tangu mwaka jana na haijapata mtu. Kwa hiyo yako, ikiwa nzuri sana, weka 95. Andika hivi: kununua 65, ushuru wa stempu asilimia 1 pamoja na wakili na upekuzi wa hati weka 2, ukarabati 29. Mkopo wa milioni 30, tuseme kwa asilimia 17 kwa mwaka, ni laki nne na elfu 25 za riba kila mwezi. Kwa miezi 10 ni milioni 4 na robo. Mlinzi na umeme wa LUKU kwa miezi hiyohiyo, milioni 1 na nusu. Dalali wa kuuzia, 3. Jumlisha mwenyewe. Mimi nimepata zaidi ya 104. Utauza 95. Umeingia hasara ya karibu milioni 10 na kodi hujaigusa.

Nimerudi nyuma kutoka hapo nikatafuta ni bei gani ingekufaa. Ukiipata kwa 44, baada ya gharama zote hizo na kodi, unabaki na kama milioni 9 na nusu. Juu ya 50 hesabu inakataa. Najua ukimtajia dalali 44 atakucheka. Acha acheke.

Naijua njia hii kwa sababu nimeipita. Wewe ulikuwa bado shule tuliponunua ile nyumba ya Majengo, mwaka 2012. Nilitoa akiba yangu yote ya mitumba ya soko la Memorial, baba yako akaongeza yake. Tulinunua milioni 28, tukapanga ukarabati wa 8, ukafika 13. Kazi ilichukua miezi 8. Tukauza milioni 50, watu wakatupongeza. Lakini kati ya kumaliza na kuuza ilipita miezi 11 mingine, na sababu yake sijawahi kukueleza vizuri.

Waliotuuzia walikuwa ndugu watatu waliofiwa na baba yao. Wawili walisaini. Wa tatu tuliambiwa yuko Mwanza na amekubali kwa simu. Tukaamini, maana bei ilikuwa nzuri na tulikuwa na haraka. Siku tunapaka rangi ya mwisho, yule wa Mwanza akaingia getini na barua ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Hakuwa na makosa. Baba yake ni baba yake. Tulikaa miezi 11 na nyumba iliyokwisha, hatuuzi, hatupangishi, tunalipa mlinzi, mpaka ndugu zake walipompa sehemu yake. Baba yako alikonda mwaka ule. Mimi nililala vibaya.

Ndiyo maana Jumamosi, fundi alipokuwa darini, mimi nilizunguka uani. Nikamkuta bibi mmoja kwenye chumba cha nyuma anachambua mboga. Akanipa kigoda. Ndiye mjane wa mwenye nyumba. Anayeuza ni mwanawe mkubwa. Nikamuuliza taratibu kama anajua nyumba inauzwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu ataniambia." Basi. Sikumuuliza zaidi.

Mwanangu, nyumba hiyo hata ukipewa kwa milioni 30 usiiguse mpaka mambo haya yakae sawa. Kwanza, awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uone hati ya uteuzi yenyewe, si kikao cha ukoo kilichoandikwa kwenye daftari. Warithi wote wasaini, na yule bibi awe wa kwanza, mbele ya wakili, akiwa anajua anahamia wapi. Siku nyingine ukikutana na muuzaji aliye hai na mwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza wake, kwa hiyo saini ya mwenza itafutwe hata kama jina lake halimo kwenye hati. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni mzuri, unaonyesha mtaa unamtambua muuzaji, lakini hauhamishi umiliki.

Hati nayo ipelekwe kwa Msajili wa Hati ifanyiwe upekuzi rasmi. Utaona kama ina rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio, na miaka ya umiliki iliyobaki, maana hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99, na ikibaki michache mnunuzi wako atakuuliza. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo angalia mita yenyewe kama ina deni. Na nyumba yoyote iliyo karibu na barabara kuu, pima mita 30 kutoka katikati ya lami, ndani ya hapo ni eneo la barabara. Iliyo karibu na mto, kama zile za kule Njoro na Rau, sheria ya mazingira inataka mita 60. Ile ya Soweto haina shida hizo mbili, nimeangalia.

Kuhusu kodi ya kuuza, hapa nataka unisikilize kwa sababu mimi ilinigharimu. TRA, watu wa mapato, wanachukua asilimia 10 ya faida, na bila cheti chao uhamisho wa hati hauendi. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa ulichonunulia, ulichotumia kuiboresha na gharama za kununua na kuuza, lakini yale unayoweza kuyathibitisha tu. Mimi nilikuwa na vikaratasi vya daftari kutoka kwa mafundi na maduka ya mchanga. Havikukubaliwa. Milioni 13 zangu zikawa kama hazikutumika, nikalipa milioni 2 na laki mbili badala ya laki tisa. Tangu 2023 asiye na vielelezo vya gharama anaweza kulipa asilimia 3 ya bei, lakini kwa nyumba ya milioni 95 hiyo ni karibu milioni 2 laki tisa, na aliyeinunua 44 akiwa na risiti zake analipa kama milioni 1 laki saba. Kila mfuko wa saruji, kila bati, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, yenye jina lako. Nunua daftari gumu, uzibandike. Na muuzaji wako pia ana kodi yake kwenye mauzo haya. Mkataba useme wazi kwamba yeye ndiye anailipa, la sivyo utakuja kuilipa wewe ili upate hati.

Ukitoa yote, mimi kule Majengo nilibaki na milioni 2 na laki saba kwa miezi 19. Kama laki moja na elfu 40 kwa mwezi. Meza yangu ya Memorial ilikuwa inanipa zaidi ya hiyo.

Simaanishi uache. Nilifanya ya pili, ile ya Pasua, ikanilipia ada yako ya chuo, na tofauti kubwa ilikuwa mpangilio wa mwaka. Hapa kwetu usifungue paa kuanzia Machi hadi Mei. Lakini masika ndiyo wakati wa kwenda kuangalia nyumba, kwa sababu mvua inakuonyesha panapovuja na maji yanaposimama. Nunua Juni, fanya kazi Julai mpaka Oktoba, Novemba iwe imepakwa rangi na uwanja umefagiliwa. Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani, na wenye pesa zao Dar na Mwanza wanatembea mitaani wakitafuta nyumba ya kumwekea mama karibu na hospitali. Wanunuzi wengine ni wafanyakazi wa hospitali ya KCMC na walimu wa Chuo cha Ushirika. Hao wote wanauliza mambo yaleyale: maji ya MUWSA yanatoka siku ngapi, kuna tangi, kuna chumba masta, gari linaingia? Marumaru za bei mbaya hawaziulizi. Ikifika Januari kila mtu ana ada, usitegemee kitu.

Mafundi walipwe kwa hatua, kazi ikionekana. Vifaa nunua mwenyewe. Na wewe uko Arusha, kilomita 80 na kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa. Fundi akijua unakuja Jumamosi tu, saruji ya Jumanne itakwenda kwingine. Mimi naweza kukusimamia asubuhi tatu kwa wiki, magoti bado yananibeba, ila tukubaliane kabla kwamba nikisema kazi irudiwe inarudiwa.

Na hilo wazo lako la kununua Olmoti, huko Arusha, kwa ajili ya uwanja wa AFCON 2027, liache. Bei za kule zimeshajaa matumaini ya watu wengine.

Lililobaki ni mkopo. Usichukue 30 kwa nyumba ya kwanza. Tafuta ndogo, ya vyumba viwili, hata ya milioni 25, ambayo akiba yako inaifikia ili mwezi ukipita bila mnunuzi usikose usingizi kama nilivyokosa mimi. Baba yako anasema yuko tayari kuchangia milioni 5. Ameniambia nisikuambie, lakini nimeona ujue unapopiga hesabu.

Kwa yule bibi narudi Jumatano. Nimemwahidi mche wa parachichi, na nataka nijue kama mahakama imeshamteua mtu. Nikitoka pale nitakupigia, jioni, ukishatoka kazini.

Mama yako