Mwalimu Mahiri Husoma Makosa ya Wanafunzi Wake

Kwa miaka mingi nimefundisha hisabati na kukaa nyuma ya madarasa ya walimu wenzangu wakifundisha, na nimeridhika kwamba umahiri wa mwalimu hauonekani katika sauti yake wala mwandiko wake ubaoni, bali katika namna anavyolipokea jibu lisilo sahihi.

Chukua mwanafunzi aliyeandika kwamba 1/2 kujumlisha 1/3 ni 2/5. Mwalimu mmoja atatia alama ya kosa na kufungua daftari linalofuata. Mwingine atatambua kuwa mtoto amejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, kisha atamuuliza kama 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Hapo mtoto hushtuka mwenyewe, kwa maana ameongeza kitu kikapungua. Mwaka 1986, msomi wa Marekani Lee Shulman alieleza kwamba kulijua somo ni jambo moja, na kujua linavyofundishika, pamoja na dhana potofu ambazo wanafunzi huja nazo, ni ujuzi mwingine. Shahada peke yake haikupi ujuzi huo.

Ukishauliza swali, nyamaza. Utafiti wa Mary Budd Rowe uliochapishwa mwaka 1974 ulionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wanaposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza kuchangia. Kimya hicho ni kigumu kukivumilia kuliko mtu anavyodhani.

Semina sizibezi, ingawa nyingi huishia kwenye vyeti. Kilichonifaa zaidi ni utaratibu unaofanana na ule wa walimu wa Japani, ambao huandaa somo kwa pamoja, mmoja akalifundisha, na wengine wakawaangalia wanafunzi. Mwombe mwenzako unayemwamini akae karibu na wanafunzi wawili au watatu, aandike wanachofanya wao, wala si unachofanya wewe. Siku hiyohiyo, kabla hujasahau, yanukuu makosa yao kwenye andalio la somo, karibu na mfano uliowachanganya, ili mada hiyo itakaporudi mwakani uanzie hapo.