Nashindwa Kutulia Hata Siku ya Mapumziko

SWALI: Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi mjini Morogoro. Nikitoka kazini ninauza vitenge, ni mhazini wa kikoba, na kila msimu wa harusi sikosi kuwa kwenye kamati. Hakuna anayenilazimisha, lakini nikikaa bila shughuli ninaona ninapoteza muda. Hivi karibuni mama alinitembelea; tulipokuwa barazani nilikuwa nikiorodhesha michango kwenye simu, na nilipoinua macho nikakuta amekwisha kunywa chai peke yake na kwenda kulala. Nifanye nini?

JIBU: Dada, pole kwa uchovu. Wapo wanaohangaika kutwa kwa sababu mshahara hautoshi ada na kodi ya nyumba, na hao hawasaidiwi kwa kuambiwa wapumzike. Wewe hulazimishwi na mtu, na ninaamini kinachokuendesha ni sifa: jina lako hutajwa kwanza kila kamati inapoundwa kwa kuwa inajulikana hutakataa, nawe umezoea kujipima kwa wingi wa watu wanaokuhitaji.

Mwili haujali sifa hizo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini haiwezi kukulinda ikiwa saa hizo wewe mwenyewe unazijaza vitenge na michango. Omba likizo yako, na sehemu yake umpe mama, simu ikiwa imezimwa.

Usiache yote kwa mpigo, kwa maana utaumiza watu na baada ya muda utarudi kulekule. Anza na kamati za harusi: toa mchango, uhudhurie kama mwalikwa, na ukiombwa kuingia kamati sema utajibu kesho, kwa sababu ukijibu papo hapo utakubali kabla hujafikiri. Uhazini usubiri mgao wa mwisho wa mzunguko, ndipo ukabidhi vitabu na funguo za sanduku mbele ya wanachama wote, kwani kuondoka katikati huzua minong'ono kuhusu fedha. Vitenge, kama fedha yake unaihitaji, vipangie siku maalumu.

Jumapili za mwanzo zitakuwa ngumu. Mkono utaitafuta simu na moyo utakushtaki kwa uvivu. Usitafute shughuli nyingine ya kuziba pengo hilo, hata ikiwa njema. Na ikiwa baada ya kupunguza majukumu bado hupati usingizi, au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, nenda ukamwone daktari bila kuchelewa.